Kilichotufanya tuichane ramani ya proksi yetu

Squid ni programu ya proksi: inakaa kati ya kompyuta zako na intaneti, inakuombea kurasa na kutunza nakala zake. Niliijua mwaka 2005, nikiwa kijana wa kuhudumia wateja kwenye intaneti kafe moja katikati ya jiji, mtaa wa pili kutoka Samora. Mashine kumi na mbili ziligawana laini moja ya setilaiti. Dishi lilikuwa juu ya paa, na mvua ya masika ikianza tu, wateja wanaanza kugonga meza. Setilaiti za aina ile ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kila ombi lilipanda huko likashuka, jibu nalo likapanda na kushuka, na zaidi ya nusu sekunde ilikuwa imeshakwenda. Ukurasa mmoja una maombi kadhaa kadhaa. Mzee mwenye kafe alilipia laini kwa dola akauza muda kwa shilingi, kwa hiyo kila sekunde ya kungoja aliihesabu.

Siku moja fundi alikuja na kompyuta chakavu yenye diski ya GB 40, akaisukumia chini ya kaunta, akaandika mlango 3128 kwenye kila kivinjari, akaenda zake. Kuanzia jioni ile, mtu wa pili kufungua ukurasa wa mbele wa Yahoo hakusubiri tena. Picha na nembo zilitoka chini ya kaunta, kwenye kashe, yaani ghala la nakala, bila kwenda angani. Mzee akaniambia, "Kijana wangu, kile kidude kisiguswe na mtu." Nikakilinda. Usiku tukishafunga nilikuwa nabaki nasoma logi yake, yaani daftari la kila ombi lililopita, nahesabu maneno TCP_HIT, yaani yale maombi ambayo kashe iliyajibu yenyewe, na kila siku nilitaka yazidi ya jana.

Naanza na habari hii kwa sababu mapenzi yale ndiyo yaliyonifumba macho miaka kumi na zaidi baadaye, nilipokuwa mmoja wa watu wanaopanga programu ya namna hiyo iende wapi.

Programu yenyewe tuliianza watatu mwaka 2014. Squid ni kazi ya watu wengine: ilitoka mwaka 1996 ikiwa mtoto wa mradi wa utafiti ulioitwa Harvest huko Marekani, ikawekwa chini ya GPL, leseni ya programu huria, na watunzaji wake siku zote wamekuwa wachache kulingana na idadi ya wanaoitegemea. Sisi tulijenga juu yake. Tuliweka ukurasa wa kuiendesha kwa Kiswahili, mgao wa kila mtumiaji, na ripoti ambayo mwalimu mkuu asiyejua kompyuta anaweza kuisoma akaelewa. Pale ambapo mipangilio haikutosha tuliingia ndani ya msimbo wa Squid tukaweka viraka vyetu, yaani mabadiliko madogo ya kwetu. Yote tukayaacha huria, yeyote achukue.

Watu walituuliza kwa nini tunahangaika na proksi wakati waya wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulishafika Dar tangu 2009 na EASSy ukafuata 2010. Ni kweli kasi ilikuja. Lakini shule ya kata kule Mbagala haikununua waya wa baharini. Ilinunua bando, ikaliweka kwenye rauta ndogo, na bando likaisha tarehe kumi na mbili. Hao ndio tuliowafanyia kazi.

Mwanzoni mwa 2017 tukasema sasa tupange, tuwe na ramani ya programu iende wapi. Tulishakuwa saba, na wanaotumia programu yetu walikuwa wakituma maombi kila wiki. Tulikutana Jumamosi, pamoja na wageni wachache kutoka shuleni, pale Sayansi, Kijitonyama, kwenye jengo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, tukabandika karatasi ya manila ukutani na kila mmoja akaandika anachotaka toleo lijalo liwe nacho. Jioni tulikuwa na mambo 41. Ripoti za rangi. Programu ya simu ya kumjulisha msimamizi. Kuandika upya ukurasa wote kwa lugha mpya ya kisasa. Mimi niliandika matano, na yote yalikuwa ya kashe: kashe kubwa zaidi, kashe inayojijaza usiku bando la usiku likiwa rahisi, kashe mbili zinazosaidiana. Tulipiga kura. Mwenye sauti kubwa alishinda, na siku ile sauti kubwa ilikuwa yangu.

Wiki tatu baadaye nilipanda daladala kwenda Mbagala kufunga toleo jipya kwenye shule mojawapo. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 30 na feni moja inayozunguka kwa shida. Mwalimu wa kompyuta alinikaribisha vizuri, akaniletea maji, kisha akanielekeza kidole kwenye ukurasa wetu, pale penye duara linaloonyesha kashe imeokoa kiasi gani. Duara lile likiwa la kijani maana yake kazi nzuri.

"Fundi," akasema, "mlipotufungia mwaka juzi duara hili lilikuwa linafika karibu nusu. Sasa hivi ni hiki kikucha tu cha kijani. Mkuu ananiuliza hii mashine inakula umeme wa nini, na mimi sina jibu."

Nikamwambia nitaangalia. Nikafungua logi, nikaomba karatasi na kalamu, nikachukua mistari 200 ya mwisho nikaanza kuchora vijiti kama mtu anayehesabu kura. Darasa lilikuwa likiendelea nyuma yangu, wanafunzi wanafungua video, wanafungua kamusi, wanafungua Facebook mwalimu akigeuka. Mistari 163 kati ya ile 200 ilikuwa ya aina moja: TCP_TUNNEL, kisha CONNECT, kisha jina la tovuti na 443. Basi. Hakuna picha, hakuna ukurasa, hakuna chochote cha kuhifadhi. Kivinjari kinaiomba proksi imfungulie bomba mpaka kwenye tovuti, na kila kinachopita ndani ya bomba kimesimbwa. Proksi inaona ukubwa wa mzigo na unakokwenda. Ndani haioni.

Hiyo ndiyo HTTPS, njia ya kufungua tovuti kwa siri, na nilikuwa naijua, bila shaka. Nilijua mradi wa Let's Encrypt umekuwa ukigawa bure vyeti ambavyo tovuti inavihitaji kwa njia hiyo tangu mwishoni mwa 2015, na nilishasoma kwamba takwimu za Firefox mwezi ule ule wa kwanza wa 2017 zilionyesha nusu ya kurasa zinafunguliwa kwa njia ya siri. Nilikuwa nafurahia hata, kwa sababu ni kinga kwa watu wetu. Lakini kujua jambo kichwani na kulihesabu kwa vijiti mbele ya mwalimu ambaye ametetea mradi wako kwa mkuu wake ni vitu viwili. Nilikuwa nimewaongoza wenzangu sita wapange kutumia mwaka mzima kupanua ghala, na mizigo imeshaacha kupita ghalani.

Nilirudi na ile karatasi ya vijiti. Jumamosi iliyofuata nikaibandika juu ya manila yetu, nikawaambia wenzangu kwamba mambo yangu matano yafutwe. Yalifutwa manne. Moja lilibaki, na nitalieleza.

Baada ya hapo ndipo ukaja mjadala mgumu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Ofisi moja ya Masaki ilitaka tuifungue HTTPS, na ilikuwa tayari kulipa. Njia ipo, na Squid inaiweza: proksi inatengeneza mamlaka yake ya vyeti, mnaweka cheti cha mamlaka hiyo kwenye kila mashine, halafu kila mtu akifungua tovuti, proksi inamtengenezea cheti cha bandia papo hapo, inalisoma lote lililomo, kisha inalisimba upya kulipeleka mbele. Kashe ingefufuka. Duara lingerudi kijani. Wawili kati yetu walitaka liingie kwenye ramani kama jambo la kwanza, na hoja yao haikuwa ya kitoto: bila hilo, walisema, tunafunga duka.

Tuna dada mmoja kwenye timu ambaye mchana ni mhasibu na usiku ndiye anayepima matoleo yetu kabla hayajatoka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kaka zangu, mwalimu wa Mbagala anaingia benki kwenye mashine ile ile ya darasani. Mtamwambia nini? Na funguo za ile mamlaka zitakaa wapi, kwenye kompyuta iliyoko kwenye chumba ambacho kufuli lake limeharibika tangu Pasaka?"

Kufuli lile sote tulikuwa tunalijua.

Lilikuwepo na la kiufundi. Wanafunzi na walimu walikuwa wanahamia kwenye simu, na kuanzia Android 7 ya mwaka 2016 programu nyingi za simu haziviamini vyeti alivyoongeza mtumiaji mwenyewe. Maana yake tungevunja siri ya mashine za darasani, halafu simu zingetukatalia vilevile. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe tuliandika kwenye ramani, kwa maneno ya kawaida, kwamba programu yetu haitafungua mawasiliano ya mtu, na tukaeleza sababu. Itasoma jina la tovuti linapoonekana mwanzoni mwa mawasiliano, itaruhusu au kuzuia, itahesabu mzigo, basi. Ofisi ya Masaki ikatafuta watu wengine. Tulipoteza pesa ambayo tuliihitaji, na mmoja wa wale wawili akajitoa. Tunasalimiana, lakini hakurudi. Bado naamini tuliamua sawa.

Lile jambo moja la kashe lililobaki lilihusu masasisho. Mafaili ya programu za Ubuntu yanasafiri kwa HTTP ya kawaida, isiyosimbwa, kwa sababu usalama wake uko kwenye saini ya faili, na sehemu kubwa ya masasisho ya Windows nayo ilikuwa inashuka hivyo hivyo. Hayo kashe inayaweza. Mashine 30 zikiwashwa saa mbili asubuhi, zote zinadai faili lile lile. Ukiligawa kutoka kwenye diski ya hapo hapo, umeokoa bando la wiki.

Hapo ndipo nilipotenda kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Windows haiombi faili zima. Inaomba vipande vipande. Squid kwa kawaida haihifadhi kipande. Kuna mpangilio unaoitwa range_offset_limit, ukiuweka -1, mashine ikiomba kipande proksi inavuta faili zima kuanzia mwanzo. Kuna mwingine, quick_abort_min, nao ukiuweka -1, proksi inaendelea kuvuta hata kama aliyeomba ameshazima mashine. Niliweka vyote viwili, nikavipima ofisini kwetu kwenye laini isiyo na kikomo, vikapendeza, nikavitoa kwenye toleo. Ijumaa mwanafunzi mmoja kwenye shule nyingine, kule Gongo la Mboto, akawasha mashine dakika tano akaizima. Proksi ikabaki inavuta. Ikavuta Ijumaa usiku, ikavuta Jumamosi, mafaili makubwa yasiyotakiwa na mtu. Jumatatu bando la mwezi mzima lilikuwa limekwisha, na ilikuwa tarehe nne.

Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, na tukachanga kuwarudishia bando lao. Tangu siku hiyo hakuna jambo linaloingia kwenye toleo letu kabla halijakaa wiki nzima kwenye laini ya bando dogo, kwenye chumba chenye watumiaji halisi. Hilo nalo tuliliandika kwenye ramani, juu kabisa, kabla ya kipengele chochote kipya. Wapo waliosema taratibu za kupima si mwelekeo wa programu. Mimi nasema ndizo mwelekeo wenyewe, kwa sababu ndizo zilizotulazimisha kuacha nusu ya yale 41: hatukuwa na shule za kutosha za kuyapimia.

Ile hoja ya kuandika upya kila kitu kwa lugha mpya ilikufa kwa njia nyingine. Nilikuwa nikisoma historia ya Squid yenyewe. Toleo la 3.0, lililogeuzwa kutoka lugha ya C kwenda C++, lilitoka mwishoni mwa 2007. Mwaka uliofuata ikatoka 2.7 ya msimbo wa zamani, nayo ilikuwa na vitu ambavyo ile mpya haikuwa navyo. Kimojawapo ni uwezo wa kuunganisha maombi: watu 30 wakitaka faili moja kwa wakati mmoja, proksi inalivuta mara moja tu. Uwezo huo ulirudi kwenye 3.5, mwaka 2015. Miaka saba. Na ni uwezo ule ule hasa ambao darasa la Mbagala linauhitaji saa mbili asubuhi. Ikiwa watu wanaoijua kazi kuliko sisi iliwachukua muda huo kurudisha kilichobaki nyuma wakati wa kuhama, sisi saba wenye ajira zetu za mchana tungekuwa wapi? Tukaacha.

Viraka navyo vilitufunza. Tulikuwa navyo 14, tumevikalia wenyewe. Squid 4 ilipotoka 2018 ikitaka kikusanyaji, yaani programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kinachoelewa C++11, na ndani yake mengi yamehamishwa, tisa vilikataa kuingia. Miezi mitatu tulishona tu, hatukumletea mtumiaji chochote kipya. Ndipo tukakubaliana kwamba kila kiraka kina njia mbili: kipelekwe kwa watunzaji wa Squid wenyewe kikatunzwe huko, au kifutwe. Vingine vilirudi na maswali ambayo hatukuwahi kujiuliza. Leo tunavyo viwili.

Uamuzi huo ulikuja kutufaa tulipopata hofu ya kweli. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa usalama alikagua msimbo wa Squid akakuta kasoro 55, na mwaka 2023 alipozitangaza nyingi zilikuwa bado hazijarekebishwa, kwa sababu watunzaji ni wachache na kazi ni ya kujitolea. Nilisoma habari ile nikiwa kwenye mwendokasi, nimesimama, naelekea Kimara, na nilijisikia vibaya. Miaka tisa tulikuwa tumekula kwenye sufuria ile bila kuongeza kuni. Tuliahirisha toleo letu lote, tukazima kila sehemu ya Squid ambayo shule haiitumii, tukahamia toleo la 6, na tukaamua mtu mmoja kati yetu kila mwezi kazi yake iwe kupima matoleo ya majaribio ya Squid na kutuma taarifa. Hakuna mtumiaji atakayeliona hilo kwenye ukurasa wetu.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu asubuhi simu yangu ilianza kuita. Mwalimu wa Mbagala alikuwa wa tatu kupiga. "Fundi, shikilia, nikuonyeshe kitu," akasema, akageuza simu kwa video, picha inagandaganda. Mashine zote zilikuwa zimekwama isipokuwa nne za pembeni. Kwenye hizo nne wanafunzi walikuwa wanasoma Wikipedia ya Kiswahili. Alikuwa ameweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kwenye seva yetu mwaka mmoja kabla, kwa mkono wake, nakala nzima ikiwa kwenye diski, na sisi hatukuwa na habari. Ombi lake la kutaka programu yetu iliunge mkono jambo hilo lilikuwepo kwenye manila ile ya 2017. Nambari 38. Halikupata kura hata moja.

Nilikwenda kuitafuta ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa nyuma ya kabati, mwandiko umepauka. Tuliifungua mezani, wanne tuliobaki, umeme umekatika, tunamulika kwa simu. Tuliisoma yote upya tukiuliza swali moja kwa kila mstari: nani aliomba hili, na analitumia kwenye laini gani? Ripoti za rangi tuliziomba sisi. Programu ya simu tuliiomba sisi. Kila kilichokuwa na jina la shule pembeni kilikuwa kimeandikwa chini, kwa herufi ndogo, na wageni ambao siku ile walikaa nyuma. Yule dada mhasibu akaichana vipande viwili, akachukua cha chini.

Toleo tunaloliandaa sasa lina mambo matatu. La kwanza ni maktaba ya ndani: nakala za Kiwix, vitabu vya kiada ambavyo shule ina ruhusa navyo, na masasisho, vyote vikishushwa usiku kwa kiwango ambacho msimamizi amekiandika, vikifika hapo visimame. La pili ni kugawa kasi kwa haki, na humo tunapambana na QUIC, njia mpya ya vivinjari kuongea na tovuti, ambayo inapita pembeni kabisa ya proksi yetu. Kwenye shule moja ripoti yetu ilisema GB 6 na mtoa huduma akahesabu 15, mpaka tulipogundua video zote zinapita huko. Sasa hesabu tunazichukua kwenye rauta. La tatu ni duara. Tumeliondoa. Mahali pake pana sentensi moja ya Kiswahili inayosema bando limebaki kiasi gani na, kwa mwendo wa wiki hii, litaisha tarehe ngapi.

Mwalimu ndiye aliyeiandika sentensi hiyo. Tulikuwa tumempelekea yetu, ndefu, akaikata.